Kusikia si Kusikiliza

Aabiriye matatu ya nambari 46 kuelekea Kawangware, au apitaye vichochoro vya Kibera jioni, hupokea nyimbo asizoziomba: injili kwa jirani, rumba ya Kongo kwa kinyozi, bongo fleva dukani. Hadi mwaka 1996 redio nchini ilikuwa ya serikali pekee. Leo vituo ni tele. Tangu Spotify ilipoingia Kenya mwaka 2021, mamilioni ya nyimbo yamo pia katika simu. Wanafunzi wangu hunung'unika kwamba wamelemewa, hawajui waanzie wapi.

Sarufi yetu ina jibu. Kutokana na kitenzi “sikia” tumepata “sikiliza”. Kusikia humpata mtu pasi na hiari yake. Kusikiliza hudai nia na subira. Wimbo ni fasihi simulizi, nayo hutahiniwa katika shule za upili. Atafaulu vipi aliyesikia nyimbo elfu, asiweze kueleza ujumbe wa mmoja?

Mwalimu mwenzangu, mpe mwanafunzi wimbo mmoja kwa juma. Ausikilize mara kumi, ayanakili maneno yake, ayafumbue mafumbo yake. Zilizobaki hazitamkimbia. Mshika mbili moja humponyoka; sembuse mshika milioni?