Magadi: ardhi hutoa bure, njia hutoza

Muuza viungo sokoni hukupimia magadi kwa kijiko na kukufungia kwenye kipande cha gazeti, ukalainishie makande au kisamvu. Yaloweke kidogo, chovya vidole: vinateleza kama umeshika sabuni. Ukali huohuo wa alkali ndio unaouzwa duniani kwa mamilioni ya tani.

Viwandani huitwa sodiamu kaboneti, na mteja wake mkubwa ni kioo, kinachomeza karibu nusu ya magadi yote duniani. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,700 hivi. Ukitiwa magadi huyeyuka mapema zaidi, na mwenye tanuri anaokoa mafuta. Chokaa huongezwa ili chupa isije ikayeyuka kwenye maji. Sabuni ya unga nayo huyataka, kwani hupunguza ugumu wa maji na povu likatoka. Sabuni ya mche ni habari nyingine: hiyo ni kazi ya kostiki soda, ambayo huunguza ngozi, na asiyetofautisha viwili hivyo asiingie jikoni wala kiwandani.

Tangu miaka ya 1860, kwa ufundi wa Mbelgiji Ernest Solvay, nchi zisizojaliwa magadi huyatengeneza kwa chumvi na mawe ya chokaa, kwa gharama kubwa ya nishati. Ziwa Magadi, kule Kajiado, halina haja ya hayo. Chemchemi za moto huleta chumvichumvi, jua hukausha maji, uso wa ziwa unabaki ukoko wa trona. Huchimbwa, huchomwa, maji na kaboni dioksidi hutoka, magadi yanabaki. Kampuni ya kuyachimba ilianza 1911. Tangu 2005 iko mikononi mwa Tata ya India.

Mbona basi Kenya haitawali soko? Mzigo ni mzito, bei yake ndogo. Kuchoma kunataka mafuta ya kuagiza, na kufika bandari ya Mombasa ni mamia ya kilomita. Halafu Uturuki na jimbo la Wyoming, Marekani, nao wana trona tele ardhini.

Tanzania nayo ilipotupia macho magadi ya Ziwa Natron, watetezi wa heroe walikuja juu, maana ndiko ndege hao wanakozaliana. Sasa hesabu zimehamia Engaruka, wilayani Monduli, ambako magadi yamo kwenye maji ya chini ya ardhi. Huko heroe hawazaliani. Ila reli nayo haifiki, inaishia Arusha.