Mateka wa Asili Isiyojulikana

Wajerumani walimpiga picha, wakaichapa gazetini, kisha wakakwama kwenye maelezo. Huyu mtu mweusi mwenye sare za jeshi la anga la Uingereza katokea wapi? Wakaandika kwamba ni mwanajeshi wa asili isiyojulikana.

Asili ya Cy Grant wala haikuwa fumbo. Alizaliwa mwaka 1919 nchini Guyana, ikiwa bado koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Moravian, lile lile wanalolijua watu wa Mbeya na Tabora. Mwaka 1941 kijana akajiunga na jeshi la anga. Alianza kujifunza urubani, akahamishiwa kazi ya kuonyesha njia. Baadaye aliamini kuwa ni rangi yake iliyomtoa kwenye usukani. Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ndani ya ndege aina ya Lancaster, yenye watu saba, alikaa nyuma ya pazia ili mwanga wa taa yake usionekane nje, ramani na penseli mezani, akipiga hesabu za upepo na dakika.

Usiku wa Juni 25, 1943 walitumwa kuupiga mji wa Gelsenkirchen. Ilikuwa safari yake ya tatu tu. Wakirudi, ndege ilishambuliwa ikawaka moto, naye akaruka na parachuti, akaangukia shambani Uholanzi, nchi iliyokuwa mikononi mwa adui. Alikamatwa, na miaka miwili ikaishia kambini mwa mateka.

Vita vilipokwisha alisomea sheria, akawa wakili London mwaka 1950. Hakuna ofisi iliyomchukua. Akaingia jukwaani, ati anoe ulimi kwa ajili ya mahakama. Mwaka 1951 alikuwa tayari kwenye kundi la mwigizaji Laurence Olivier, na mazoezi yakageuka riziki.

Kuanzia 1957 BBC ilimweka na gitaa lake kwenye kipindi cha Tonight, aimbe habari za siku kwa kalipso. Alipendwa mno, hadi akachoka kuitwa mwimba kalipso, akaondoka. Mwaka 1965 aliigiza Othello, mhusika mweusi wa tamthilia, mjini Leicester, miaka ile ile ambayo Olivier, Mzungu, alikuwa akijipaka rangi nyeusi ili amwigize Othello huyo huyo. Miaka miwili baadaye watoto walimjua kwa sauti tu: Luteni Green wa kipindi cha vikaragosi cha Captain Scarlet.

Kumbukumbu zake za vita alizitoa mwaka 2006, miaka minne kabla ya kufariki. Jina la kitabu hakulitafuta mbali: alichukua maneno ya lile gazeti la Wajerumani.