Fahamu: Nyumba za tegesha na ubishi wa fidia Nyamongo

Nyamongo, wilayani Tarime, Tanzania, kila mara mgodi wa dhahabu wa North Mara unapotarajiwa kupanuka, nyumba huota haraka kwenye ardhi inayosubiri uthamini. Wenyeji huziita tegesha.

Mgodi, ambao kampuni ya Barrick ilirudi kuuendesha mwaka 2019, huuona ujenzi huo kuwa wa kuwinda fidia. Wanakijiji nao hujibu kuwa wamejenga kwenye ardhi yao.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni zake za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, ya makazi na gharama za usafiri. Kinachoumiza zaidi ni ucheleweshaji. Malipo yakikawia baada ya uthamini, familia hukwama: haijengi, haipandi mazao ya kudumu, haihami. Kwa hiyo, kumtupia kila mlalamikaji jina la tegesha ni kumwonea aliyezaliwa hapo.