Unauza sauti za ampu ya gitaa? Weka picha na maelezo, mteja asikuite tapeli

Leo naongea na wanaouza vitu visivyoshikika, hasa wale wenye mafaili ya sauti za ampu za gitaa. Wenye mchele na vitenge msiondoke, maana kuna la kwenu pia, ila mfano wangu utakuwa huu.

Kwa asiyejua: siku hizi mpiga gitaa halazimiki kubeba amplifaya. Kuna programu ya bure inaitwa Neural Amp Modeler, aliitengeneza Steven Atkinson. Unapitisha sauti maalum ya kama dakika 3 kwenye ampu yako, unarekodi inavyotoka upande wa pili, kisha kompyuta inajifunza tabia ya hiyo ampu na kukupa faili dogo. Mwenzako akilifungua kwenye kompyuta yake, gitaa lake linasikika kama limechomekwa kwenye ampu yako. Kemper wa Ujerumani walianza biashara ya aina hii zamani kidogo kwa mashine yao, na ieleweke mapema kwamba faili la Kemper halifunguki kwenye Neural Amp Modeler. Hilo peke yake ni ugomvi tosha kama hukuliandika.

Sasa shida iko hapa. Mteja anatuma 5,000 yake kwa simu, anapokea faili lenye jina kama "clean mpya 2 final". Analifungua, sauti inatoka nzito, imeziba, kama spika imefunikwa blanketi. Anakuandikia kwa hasira. Na wewe hujamuibia, sauti ni nzuri kabisa. Kilichotokea ni kwamba faili lako lilirekodiwa kwa maiki mbele ya spika, yaani spika imo ndani tayari, na yeye kwenye programu yake ameongeza faili lingine la spika (wanaliita IR). Spika mbili zimepandana. Angejua, angezima moja kwa sekunde mbili tu. Nani alitakiwa kumwambia? Muuzaji.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa maelezo yako, kabla hata ya kusifia bidhaa, uwe huu: "Spika imo" au "Spika haimo, weka ya kwako". Mimi naona hata kwenye jina la faili iandikwe, kwa sababu watu hawasomi karatasi.

Jambo la pili ni vitufe. Faili moja ni sawa na ampu iliyogandishwa mahali pamoja. Mteja hawezi kuzungusha geini ya ampu yako halisi, atapata ile uliyoiacha wewe siku ile. Ndiyo maana picha ya vitufe siyo pambo, ni sehemu ya bidhaa. Simama mbele sawasawa, usipige kwa kuinama pembeni maana mshale utaonekana umehama. Fungua dirisha, zima flashi, namba zisomeke.

Halafu andika hizo namba pia. Na hapa tuwe makini sisi Waswahili. Wazungu wanataja kitufe kwa mishale ya saa, wanasema geini iko saa mbili wakimaanisha pale ilipoandikwa 2. Ukimwambia mtu wa Ifakara "saa mbili" ataweka kwenye 8, na hajakosea. Andika kwa hesabu ya 0 mpaka 10: geini 3, besi 4, trebo 6. Imeisha hiyo.

Picha nyingine ni ya maiki ilivyokaa. Maiki ikiwa katikati ya spika sauti inakuwa kali, ikisogea pembeni inalainika. Mfano wa maelezo yanayotosha: "Peavey Bandit 112, spika moja ya inchi 12, maiki Shure SM57, sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, nusu ya njia kati ya katikati na ukingo. Ekoo imezimwa." Hilo la ekoo usiliruke. Programu hii hainasi ekoo, na wapiga solo wa rumba bila ekoo hawaelewani na wewe. Waambie waongeze wenyewe.

Kama ampu yako ni ya taa za kizamani, zile valvu, andika na hali ya umeme. Umeme wetu wa huku bondeni mnaujua, jioni unashuka. Ampu ya valvu ikipata umeme pungufu sauti yake inabadilika. Rekodi mchana na stabilaiza, na subiri mashine ya kukoboa ya jirani izimwe, mngurumo wake unaingia.

Kuna kitu kinachekesha: faili la sauti lina kilobaiti mia chache tu, picha ya simu inaweza kufika megabaiti 4. Picha nzito kuliko mzigo! Mteja anakula bando kwa ajili ya picha. Zipunguze upana mpaka kama pikseli 1,200, zitasomeka vizuri. Kisha weka sauti, picha na karatasi ya maelezo kwenye faili moja la zipu na utume WhatsApp kama dokumenti. Ukitumia njia ya kawaida ya picha, WhatsApp inaikamua na namba zinafifia. Ila picha inayokwenda kama dokumenti inabaki na taarifa zake za ndani, pamoja na mahali ilipopigwa kama GPS ya kamera ilikuwa imewashwa. Zima hiyo GPS kwanza, usije ukamtumia mtu usiyemjua ramani ya kwako na ampu ilipolala.

Mwisho ni majina. Morogoro ni mkoa wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, lazima ushawishike kuandika "sauti halisi ya Mbaraka". Una uhakika alitumia ampu ipi na vitufe vilikaaje? Kama huna, andika "sauti safi, inafaa nyimbo za dansi la zamani" na weka kipande cha sekunde 30 ukipiga mwenyewe, gitaa gani umetumia, pikapu ipi. Picha za ampu za kuokota Google ziache huko huko. Mpiga gitaa akiona ampu inang'aa kama ya dukani wakati ya kwako ina mkwaruzo, atauliza na sauti nayo uliitoa wapi.