Madeni Yasiyo na Mdai: Malipo ya Akaunti ya EPA katika Benki Kuu ya Tanzania

Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 Benki Kuu ya Tanzania ililipa kampuni 22 jumla ya shilingi bilioni 133 kutoka katika akaunti iliyofahamika kwa kifupi cha EPA, yaani Akaunti ya Malimbikizo ya Madeni ya Nje. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo, fedha hizo zilizidi dola za Marekani milioni 100. Jina la akaunti hiyo, ambalo hadi siku hizo lilijulikana kwa maofisa wachache wa fedha tu, likawa baada ya muda mfupi linatajwa vijiweni, sokoni na ndani ya daladala.

Asili yake ni uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1970 na 1980. Mfanyabiashara aliyeagiza vipuri, dawa au mashine kutoka nje alilipa gharama kwa shilingi katika Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, nayo benki ikabaki na jukumu la kumpelekea muuzaji wa ng'ambo malipo yake kwa fedha za kigeni pale zitakapopatikana. Mara nyingi hazikupatikana. Mwagizaji alikuwa amekwisha kulipa na mzigo wake ameupokea, ilhali muuzaji aliendelea kudai mwaka hadi mwaka, na mwaka 1985 jukumu hilo zima likahamishiwa Benki Kuu. Wakati huo dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 17, lakini kufikia 2005 ilizidi shilingi 1,100, kwa hiyo deni la dola milioni moja, ambalo mwagizaji alilifidia kwa shilingi milioni 17, lilihitaji zaidi ya shilingi bilioni moja ili lilipwe. Wakati thamani ya madeni ikipanda hivyo kwa hesabu ya shilingi, wadai wenyewe walikuwa wakipungua: baadhi ya kampuni za nje zilikuwa zimefungwa au kuunganishwa na nyingine, au zilikuwa zimekwisha kata tamaa na kuyafuta madai hayo katika vitabu vyao.

Hapo ndipo ulipokuwa mlango. Sheria za biashara humruhusu mwenye kudai kumhamishia mtu mwingine haki yake ya kulipwa, kwa kuuza au kwa makubaliano mengine, na waraka unaothibitisha jambo hilo huitwa hati ya kuhamisha deni. Kampuni ya Kitanzania iliyofika Benki Kuu ikiwa na hati ya namna hiyo, yenye mihuri na saini zinazodaiwa kuwa za kampuni ya Ulaya au Asia, ilistahili kulipwa iwapo hati ilikuwa ya kweli, na njia ya kuujua ukweli huo ilikuwa kumwandikia mdai wa awali na kumuuliza. Mlipaji asiyeuliza huachiwa karatasi peke yake, na karatasi hughushiwa. Kampuni moja kati ya zile 22, Kagoda Agriculture Limited, ilisajiliwa Septemba 2005, ikalipwa takriban shilingi bilioni 40 kabla umri wake haujatimiza mwaka. Umri huo peke yake ulitosha kumfanya mhasibu yeyote aweke kalamu chini.

Kasoro hizo ziliibuliwa kwanza na wakaguzi wa nje, kampuni ya Deloitte & Touche ya Afrika Kusini, walipokagua hesabu za Benki mwaka 2006, na mkataba wao ukasitishwa. Tarehe 15 Septemba 2007, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Mwembeyanga, Temeke, mbunge wa upinzani Dkt. Wilibrod Slaa alisoma orodha ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, ukiwamo ule wa Benki Kuu. Neno fisadi, ambalo katika matumizi ya zamani lilimhusu zaidi mharibifu wa maadili na mpotoshaji wa wake za watu, likashika katika siasa za Tanzania maana ya mla mali ya umma, na hadi leo halijarudi lilikotoka.

Ukaguzi mpya uliofanywa na Ernst & Young kwa niaba ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ulibaini kwamba kampuni 13 zililipwa shilingi bilioni 90.3 kwa nyaraka za kughushi, na kwamba kampuni 9 zilizobaki, zilizochukua bilioni 42.6, hazikuwa na vielelezo vya kutosha. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali, aliyekuwa Marekani kwa matibabu na ambaye alifariki huko Mei mwaka huohuo. Kikosi kazi cha Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Jeshi la Polisi na Mkurugenzi wa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, kikapewa miezi sita kufuatilia fedha na wahusika.

Katika mabishano yaliyofuata kulikuwa na hoja kwamba fedha za EPA hazikuwa za Serikali, kwa sababu zilitoka kwa waagizaji wa bidhaa. Hoja hiyo haisimami. Shilingi walizoweka waagizaji zilikuwa zimekwisha kuyeyuka kwa kushuka kwa thamani ya sarafu, na tofauti iliyokuwapo kati ya shilingi 17 na 1,100 isingeweza kubebwa na mwingine isipokuwa umma wa Tanzania.

Agosti 2008 Rais aliliambia Bunge kwamba waliochukua fedha hizo walikuwa na muda hadi tarehe 31 Oktoba kuzirejesha, la sivyo wangeshtakiwa. Takriban shilingi bilioni 69 zilirudi, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye pembejeo za kilimo. Washtakiwa wa kwanza, wakiwamo watumishi wa Benki, walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu Novemba 2008, na miaka iliyofuata baadhi yao wakahukumiwa kifungo. Jina la Kagoda halikusikika katika mashtaka hayo ya mwanzo. Kuhusu wauzaji wa ng'ambo ambao hati zao zilighushiwa, hati ya uongo haifuti deni la kweli: wale waliokuwa bado wanadai kabla ya 2005 walibaki wanadai, wakiwa hawajapata hata senti moja ya zile bilioni 133.