Si Kila Baka Jeupe ni Ukoma

Mtu aonapo baka jeupe mkononi mwake, hofu humshika mara moja. Majirani huanza kunong'ona, na jina litajwalo kwanza ni ukoma. Tangu siku hiyo hapewi mkono wala hakaribishwi chakula. Hofu hii huleta hasara mbili: huwatenga watu wasio na ugonjwa wa kuambukiza, na huwafanya wenye ukoma wa kweli kujificha mpaka vidole vyao vimeharibika. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajue kupambanua.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na chembe ndogo sana zilizomo ndani yake. Katika ugonjwa wa mbalanga, kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kuziua chembe hizo, kama mlinzi ampigaye mwenye nyumba. Mahali hapo huwa peupe kama chokaa, mara nyingi mikononi, usoni na kandokando ya midomo, lakini hapafi ganzi. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Tena si laana.

Baka lililo kifuani, mgongoni au shingoni, lenye magamba membamba, huenda likawa mba. Huo huletwa na kuvu, na hupenda joto na jasho. Dawa ya kupaka huuponya, ingawa rangi hukawia miezi kadhaa kurudi.

Ukoma ni jambo jingine. Huletwa na kijidudu alichokigundua Daktari Hansen wa Norway mwaka 1873. Aghalabu baka lake si jeupe kabisa, bali limefifia au lina wekundu, na pengine pamekufa ganzi. Mwenye baka na afumbe macho, na mwenziwe amguse kwa pamba. Asiposikia, na aende hospitali bila kukawia. Asijipime kwa moto wala kwa sindano. Hata akisikia, baka lisiloondoka na lionwe na daktari.

Zamani wenye ukoma walitengwa mbali na jamaa zao. Lakini tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, nazo hutolewa bure. Mgonjwa huzimeza kwa miezi 6 au 12, naye hupona. Vidole vilivyokwisha kupotea, hata hivyo, havirudi. Ndiyo sababu ya kwenda mapema.

Mwenye mbalanga naye asikate tamaa. Matibabu ya hospitali huwarudishia baadhi ya watu rangi yao. Shambani na avae kofia na shati la mikono mirefu, kwani ngozi isiyo na rangi huungua upesi juani. Asinunue sokoni dawa asiyoijua.

Jirani mwema humpa mwenye baka mkono wa salamu, kisha humsindikiza hospitali.