Milimani, Bondeni na Bao la Jiwe: Siku Mbili Nakuru

Sisi watu wa pwani tukienda bara, twaenda kwa harusi, kwa matanga au kwa kazi. Kwenda kutembea tu, ni nadra. Hata mimi Nakuru nilikwenda kwa sababu dada yangu alikuwa amejifungua, na mama akanipa halua, mabuyu na nasaha nyingi za kumpelekea.

Dada anakaa Section 58, upande wa mashariki wa mji. Ukitoka Nairobi waufikia mtaa huo kabla hujaingia katikati ya Nakuru. Jina lenyewe lasikika kama namba ya faili. Nilimuuliza mpwa wangu, kijana wa darasani, kuna nini cha kuona huku kwenu. Akanijibu, "Hakuna kitu, mjomba. Flamingo walishaenda."

Basi tukatoka sote wawili.

Nakuru ni mtoto wa reli. Ile reli iliyoanzia kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1900, na stesheni ndiyo iliyozaa mji. Mwaka 1904 ukapewa hadhi ya mji rasmi, na mwaka huohuo Wamasai wakatolewa katika sehemu hizi za Bonde la Ufa kwa mkataba na serikali ya kikoloni, wakahamishiwa Laikipia, ili walowezi wapate mashamba. Ukitaka kujua mji ulivyogawanywa, huhitaji kitabu, sikiliza majina ya mitaa tu. Milimani, kwenye upepo na miti mikubwa, waliishi Wazungu. Bondeni waliishi Waafrika. Sisi wa Mombasa tuna Bondeni yetu pia, na nilipopita kwenye ile ya Nakuru nikakuta msikiti, kofia na salamu kwa Kiswahili safi, nilisahau kidogo kwamba niko mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Baridi ya jioni ikanikumbusha.

Wageni wengi hupelekwa kwenye kasri la Lord Egerton, nje ya mji kuelekea Njoro, lenye vyumba 52, lililoanza kujengwa mwaka 1938. Ni zuri, sikatai. Lakini nyumba ya bwana mmoja aliyeishi peke yake haikunishika sana.

Ziwani mpwa wangu alikuwa amesema kweli, au karibu na kweli. Heroe tuliowaona ni wachache, mbali, kama doa la waridi kwenye maji. Sababu yake yaeleweka. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Maji huingia, jua huyakausha, magadi hubaki, na katika magadi hayo huota mwani ambao ndio chakula cha heroe. Mvua zikizidi, maji huwa mengi na magadi huzimuka, mwani hupungua, na ndege huruka kwenda kutafuta kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Kati ya mwaka 2010 na 2020 ziwa lilipanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilifunikwa, migunga ikafa ingali imesimama majini, na huko Mwariki maji yakaingia nyumba za watu. Sisi tunaoishi ufukweni twajua maana ya maji kuhama mpaka wake. Vifaru na twiga wapo, na kwao peke yao safari yatosha.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Karibu na Section 58 kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mpwa wangu hupita njia hiyo kila mara na alikuwa hajakikwea hata siku moja. Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938, na jumba dogo la makumbusho limo katika iliyokuwa nyumba ya shamba ya walowezi. Walipatikana watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita. Wanawake walizikwa na vyombo vya mawe. Wanaume hawakuwekewa kitu. (Dada alipohadithiwa alicheka mpaka mtoto akaamka.) Kuna pia mashimo ya maboma ya wafugaji wa baadaye, waitwao Sirikwa.

Zilipatikana pia sarafu za Kihindi, na moja ilikisiwa kuwa na umri wa miaka kama 500. Namna ilivyofika kilimani mimi nakisia tu, lakini sarafu ya Kihindi kuingia bara bila kupitia bandari za pwani ni jambo gumu kwangu kuliamini.

Tukishuka tukakuta jiwe lililochongwa safu za mashimo. Bao! Michezo ya mashimo imeenea Afrika nzima, kwa hiyo sidai kuwa ni letu. Ila nilichuchumaa pale kama nilivyokuwa nikichuchumaa barazani kwa babu. Mpwa wangu akauliza hao waliocheza walikuwa nani, na nani alikuwa akishinda.

Jioni hiyo tulichimba mashimo 32 nyuma ya nyumba, safu nne za manane. Kete hatukuwa nazo, tukatumia mbegu za mabuyu ya mama. Zilitakiwa 64, tukawa twala haraka ili zitimie.